Vita vya Kiti cha Mbele

Sikilizeni, enyi mliokaa na enyi mliosimama! Mwenye chungu jikoni na akipunguzie moto, mwenye usingizi na ausogeze kando, kwa maana nataka kuwasimulia jambo ambalo majemadari wenye farasi na ngao wasingalithubutu kulitenda: jinsi Bi Mkasi, fundi cherehani, alivyompata mtu wa kupanda naye baiskeli.

Bi Mkasi huyo, Mpasua-Majora, Mshinda-Vifungo, ambaye sindano ilimwogopa na uzi ukamtii, alikuwa amekanyaga cherehani yake miaka ishirini bila kusogea hata shubiri moja. Ukutani mwa kibanda chake alibandika picha aliyoikata kwenye kalenda: vilima vya kijani, mizabibu imepangwa safu kwa safu, na katikati yake njia nyeupe ikipanda na kushuka. Kila kiuno kilipomuuma aliinua macho akaitazama. Hata mwaka huu akaapa, mbele ya mumewe na mbele ya pasi ya moto, kwamba njia kama ile ataipita, na ataipita kwa baiskeli.

Akajitwalia chumba katika nyumba ya wageni iliyo katikati ya mashamba ya zabibu. Akaagiza baiskeli ya watu wawili, ile yenye viti vinavyofuatana, kwa kuwa ndiyo pekee iliyobaki. Akatandaza ramani juu ya meza ya kukatia, akaipima kwa utepe wake wa shingoni, akatangaza: "Inchi tatu tu! Hiyo si safari, hiyo ni kola." Na juu ya kiti cha mbele hapakuwa na mjadala. Atakaa yeye, mumewe nyuma, kwani migongo ya watu, alisema, ameshaiona ya kutosha kwa kupima makoti. Safari hii anataka kuona vilima.

Lakini ajali haina kinga. Siku mbili kabla ya safari, mumewe, Simba wa Sebuleni, alipanda kigoda kubadilisha balbu, na kigoda kikamsaliti. Goti likavimba likawa na ukubwa wa boga. Na mchana uleule mwenye nyumba ya wageni akapiga simu, akasema kwa adabu kwamba kuna wengine wanaoitaka baiskeli ile, hivyo kabla ya jioni atajiwe majina ya watu wawili wenye miguu mizima, la sivyo ataitoa.

Baraza la vita likakaa sebuleni, shujaa kwenye kigoda kilekile, na majeruhi kwenye kochi, mguu juu ya mito.

"Mke wangu," akanena majeruhi, mkono kifuani, "mimi nimeanguka, lakini bendera isianguke. Shoga yako wa kwanza ana harusi. Wa pili akiona baiskeli anavuka barabara. Amebaki mtu mmoja tu."

"Usimtaje."

"Ana miguu ya chuma."

"Nimesema usimtaje!"

"Ni dada yangu, nitamtaja nikiwa nimelala hapahapa."

Naam, alikuwa wifi yake. Tarishi, Mpeleka-Barua, Mtishia-Mbwa, ambaye kila siku iendayo kwa Mungu alizunguka mitaa kwa baiskeli na mkoba begani. Zamani wawili hawa walikuwa chanda na pete. Kisha Bi Mkasi akamshonea wifi yake mapazia, na yalipotundikwa, mbele ya wageni sebule nzima, yakaishia juu ya kizingiti cha dirisha. Wifi mtu akayatazama, akasema, "Jamani, mapazia yangu yamevaa kaptula!" Wageni wakacheka hadi wakashika mbavu. Bi Mkasi akachukua mkoba wake, akaondoka, na tangu hapo hawakusemezana, mwaka wa pili sasa.

Ukweli ni kwamba maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya haki. Siku ya kupima dirisha wao wawili walikuwa wakipiga soga, wakicheka kitu ambacho hata hawakikumbuki, naye akasahau kuongeza nguo ya pindo. Na ukweli mwingine, aliouficha chini kabisa ya moyo, ni kwamba alikuwa na hamu kubwa ya wifi yake. Kibandani wateja walikuja na kwenda, lakini hapakuwa na mtu wa kumchekesha mpaka akalowesha kitambaa kwa machozi.

Jua likaanza kuinama. Bi Mkasi, kibandani kwake nyuma ya ukuta wa sebule, akaishika simu, akaiweka. Akapiga pasi shati ambalo lilikwisha kupigwa pasi. Akaishika tena, akaiweka tena, akafagia vipande vya nyuzi visivyokuwapo. Mara ya tatu akajitupa vitani kama aliyesukumwa, na simu ikaita upande wa pili.

"Haloo. Nani mwenzangu?" ikauliza sauti, ingawa jina lake bila shaka lilikuwa limejiandika kwenye kioo.

"Ni mimi, wifi."

"Mimi nani? Wa mimi ni wengi."

"Fundi."

Mbwa akabweka kwa mbali, akanyamazishwa.

"Wifi," akasema Bi Mkasi, "mapazia yalikuwa mafupi. Nilisahau pindo. Kosa langu."

"Na mimi ulimi wangu haukuwa na haya," ikasema sauti, imeshuka. "Mbele za watu vile! Nilikuja mpaka mlangoni kwako mara ngapi sijui, nikageuza baiskeli. Mapazia bado yananing'inia palepale, wifi. Nimpe fundi gani mwingine?"

Bi Mkasi akaketi. Akafuta macho kwa kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa suruali ya mteja. Kisha akaanza kueleza yote: goti, vilima, mizabibu, baiskeli ya watu wawili.

"Nakuja," akasema Tarishi, kabla mwenzake hajamaliza. "Ila niambie, mbele anakaa nani?"

Enyi wasikilizaji, hapa ndipo penyewe! Miaka yote ile ya kuinua macho ukutani ikamrudia Bi Mkasi. Akaiona njia nyeupe, akauona na mgongo mpana wa wifi yake umeiziba. Akavuta pumzi ya mtu anayeingia maji ya baridi.

"Kaa wewe," akasema. "Mimi nitakanyaga."

Kabla jua halijazama akampigia mwenye nyumba ya wageni.

"Wa mbele nimwandike nani?" akaulizwa.

"Wifi yangu!" akajibu, kwa sauti iliyopenya ukuta wa sebule, hata majeruhi akasahau goti lake, akaruka juu kushangilia, akarudi kochini akilia na kucheka kwa pamoja.

Wapo walioteka miji, nao wamesifiwa vya kutosha. Huyu wetu alisogea kiti kimoja nyuma, na jioni ile alikunja utepe wake, akafunga kibanda, akaenda kwa wifi yake kwa miguu, akicheka peke yake njia nzima.