Vita vya Anselmi na Plau Isiyonyanyuka

Kusanyikeni, enyi watu wa Nkuhungu na wa Chang'ombe, nanyi wapita njia wenye mizigo vichwani, tueni. Mwenye uji jikoni na aepue, mwenye mtoto mgongoni na ambembeleze, maana habari ninayoileta si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wengine na wasimulie masultani na majemedari, farasi na mizinga. Mimi nitamsimulia Anselmi wa Kolo, mwana wa Fulgence, mshika usukani, mwenye spana tatu na nusu, aliyepigana siku tano na chuma kisicho na macho wala huruma, hata kikainuka kutoka ardhini kadiri ya dhiraa moja. Asiyeamini na aende zake akapalilie.

Ilikuwa zama za Mwingereza, alipokwisha kuchoka na karanga zake za Kongwa na kuanza kuuza vyuma vyake mnadani. Hapo ndipo Bwana Vithaldas, mwenye duka la nguo na chumvi mjini Dodoma, alipojinunulia trekta la kijivu, dogo la umbo na kubwa la sauti, akalileta Nkuhungu katika shamba lake la ufuta. Mkewe alilipaka alama nyekundu usoni na kulipasulia nazi gurudumuni, kama ilivyo desturi yao, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa nyumba safi: nyama haikuliwa, samaki hakuliwa, na hata yai lilipita mbali kwa adabu. Kiti cha trekta hilo akapewa Anselmi, naye akakikalia kama aliyezaliwa juu yake.

Nyuma ya trekta ilikuwako mikono miwili ya chuma, inayoinua plau na kuishusha kwa nguvu ya mafuta yasukumwayo na pampu. Na mafuta hayo hayo ndiyo yaliyoogesha gia na difu ya ekseli ya nyuma, yote ndani ya tumbo moja. Mlishike neno hilo la tumbo moja, maana humo ndimo vita vilimopiganwa.

Basi mvua ya kwanza ikanyesha Jumamosi, mvua ya kweli, ya kulowesha ardhi mpaka kwenye kiwiko. Kila ajuaye udongo wa Dodoma anajua kwamba huo haungoji mtu: leo ni laini, wiki ijayo ni tofali. Jumatatu alfajiri Anselmi akapanda kitini, akawasha, injini ikanguruma hata kanga wakakimbia vichakani. Akatia gia. Trekta likajikokota kama mgonjwa aliyeitwa shaurini. Akavuta kipini cha kuinua plau, na plau ikabaki imelala chini. Akavuta tena. Plau haikumjibu.

"Ewe dume la kijivu!" Anselmi akapaza sauti, akiwa amesimama kitini mbele ya watu wote waliokuja kutazama. "Mwaka jana ulilima ekari arobaini, na leo unashindwa kuinua mkia wako? Ni nani aliyekutia unyonge huu? Nitaje, nami nitapambana naye!"

Trekta halikumtaja mtu.

Jumanne Bwana Vithaldas akaja kwa gari lake, akatazama, akasikiliza, akafuta miwani yake. Hakuwa mtu wa kelele. "Anselmi," akanena, "sikukuajiri ukae juu ya chuma kilicholala. Jumamosi asubuhi plau ikinyanyuka, vema. Isiponyanyuka, trekta linapakiwa kwenye gari moshi likauzwe, nawe utarudi Kolo ukashike jembe la mkono. Sina neno jingine."

Naam, kwa maneno hayo machache shujaa wetu akaona kiti chake kikimponyoka. Anselmi alikuwa dereva pekee aliyewahi kutoka katika ukoo wao, na babake alikwisha kulitangaza jambo hilo harusini, misibani, na mara moja kanisani. Angerudije? Nasema wazi kwamba usiku ule hakulala, nami simcheki kwa hilo.

Kwa mambo mengine nitamcheka. Jumatano alitangaza vita juu ya klachi. Alilala chini ya trekta kutwa nzima, akakaza, akalegeza, akaikemea kwa lugha ya kwao Kolo, hata ikabainika kwamba klachi haikuwa na hatia: ukiikanyaga, injini ilipumua na kuruka, ukiiachia, injini ilielemewa. Adui alikuwa nyuma ya klachi, tumboni. Ndipo akaishambulia pampu. Akakagua kipini cha kuiunganisha, akakuta kimeunganika. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, ilikuwa saa saba za mchana, jua la utosi, akakuta mafuta yamejaa mpaka kwenye alama. Akafurahi sana. Kumbukeni kwamba siku tisa kabla yake, kijiti hicho hicho kilimwonyesha kuwa mafuta yamepungua, akamwagiza tajiri madebe mawili kutoka mjini, na madebe hayajaja. Walakini hakujiuliza yamejaaje. Shujaa hana desturi ya kuiuliza neema imetoka wapi.

Na ajabu nyingine ilikuwa hii, kwamba ilipofika mchana, baada ya kuungurumishwa na kukokotwa tangu asubuhi, trekta lilipata nguvu. Gia zikalainika, plau ikanyanyuka kwa kutetemeka, watu wakapiga vigelegele, Anselmi akapunga kofia. Kesho yake asubuhi plau ikalala tena kama haijapata kusimama maishani.

"Ni shetani wa asubuhi," wakasema baadhi ya watu.

Wakati wote huo mzee Sila, mlinzi wa trekta, alikaa pembeni na rungu lake, akitabasamu kwa namna ya mtu anayengojea neno. Alikuwa mjane, hana mtoto wa kiume, na mwaka uliotangulia Anselmi alimlimia kishamba chake kwa trekta jioni moja, bure, bila kuombwa. Tangu siku hiyo mzee alilisalimia trekta kila asubuhi kabla ya watu.

Alhamisi mchana Scolastika, mkewe Anselmi, akaja na ugali wa uwele na mlenda. Akamkuta bwana wake kitini, injini ikinguruma, na nyuma ya trekta mbwa saba wameketi mstari mmoja, pua juu, macho yamelegea.

"Baba Emilia," akasema, "mbwa hawa wanangoja nini?"

"Wamekuja kustaajabia ushindi wangu," Anselmi akajibu. "Hata wanyama wanatambua."

"Tangu Jumatatu wanakuja mchana, trekta likishapata moto. Asubuhi huwaoni. Mume wangu, mimi sijui gia wala difu, ila mbwa namjua. Mbwa hapendi chuma."

Anselmi akageuka kitini, akawatazama wale mbwa. Akanusa. Kumbe siku nne alikuwa akivuta harufu ya nyama ya kuchoma na kudhani ni njaa yake mwenyewe.

Ijumaa, kabla jua halijapanda, akafanya jambo ambalo angelifanya Jumatatu kama si ushujaa kumzuia: akachomoa kijiti asubuhi, trekta likiwa baridi. Kikatoka kimevaa utando mweupe, mzito, umeganda kama mafuta ya juu ya mchuzi uliolala. Akauonja kwa ncha ya ulimi. Yalikuwa mafuta ya mkia wa kondoo, na mazuri.

Hapo siri ikafunuka mbele yake yote kwa pamoja. Katika baridi ya alfajiri mafuta yale yaliganda tumboni. Pampu ikawa inanyonya kitu kisichonyonyeka, chujio likazibwa, gia zikapiga mbizi katika samli. Jua likipanda na chuma kikipata moto, yaliyeyuka, na nguvu ikarudi. Klachi, pampu na shetani wa asubuhi wote hawakuwa na kosa.

"Shikamoo, mzee Sila," akasema taratibu.

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa," mzee akamsalimu na kwa Kigogo, uso uking'aa. "Umeyaona? Nimengoja unishukuru tangu Jumatatu. Jumapili ulipokwenda kanisani nikakumbuka ulivyosema trekta linakufa kiu na mafuta ya mjini hayaji. Nikasema, mgeni aliyenilimia hatalala njaa nami nipo. Nilikuwa na kibuyu kikubwa, nimekiweka kwa harusi ya binti yangu. Nikakimimina chote."

Anselmi alimshika mzee mkono, wakawasha trekta pamoja, wakaliungurumisha mpaka mchana, kisha wakafungua nati ya chini na kuyaacha mafuta ya moto yatiririke katika karai, mbwa wakitetemeka kwa tamaa. Wakasuuza tumbo kwa mafuta ya taa mara mbili. Ndipo likasikika gari, na Bwana Vithaldas akashuka na madebe yake mawili.

Akasimama mbele ya karai. Akanusa. Yeye ambaye jikoni mwake hata mchuzi wa mfupa haujapata kuchemka, akajua mara moja ni nini, akafunika pua kwa leso, na rangi ikamtoka.

"Nani?" akauliza.

Tazameni sasa, enyi wasikilizaji! Kiti kile kilikuwa mkononi mwa Anselmi. Angenyoosha kidole tu, angekaa juu yake daima. Akasonga mbele, mikono ikitiririka mafuta. "Tajiri," akanena, "mimi ndiye dereva. Kila kiingiacho tumboni mwa trekta hili ni juu yangu. Kosa ni langu."

"Mwongo huyu!" mzee Sila akafoka, akalitupa rungu. "Usininyang'anye, mwanangu! Kibuyu kilikuwa changu. Bwana mkubwa, mimi ndiye. Lilinilimia, nami sikuwa na kitu kikubwa kuliko hicho cha kulipa."

Bwana Vithaldas akamtazama mzee, akayatazama madebe aliyoyabeba.

"Mzee," akasema hatimaye, "madebe haya uliyangoja siku ngapi?"

"Nilihesabu saba, nikachoka kuhesabu."

"Yalikuwa nyuma ya magunia dukani. Niliyasahau." Akashusha leso. "Yangu yalichelewa, yako yakawahi. Sasa nimkasirikie nani? Mimineni. Halafu lioshwe nje na ndani, mara tatu. Na mke wangu asisikie."

Jumamosi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, kukiwa na baridi ya kuumiza vidole, Anselmi akapanda kitini mbele ya Nkuhungu yote. Akawasha. Akatia gia, na magurudumu yakang'ata udongo. Akavuta kipini, na plau, bila kutetemeka, bila kusubiri jua, ikapaa dhiraa nzima na kubaki hewani. Wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakavua kofia, na Scolastika akalia waziwazi wala hakuficha uso.

Anselmi akageuza usukani kuelekea ufuta. Bwana Vithaldas akainua mkono.

"Shamba langu limengoja siku tano," akasema. "Litangoja na saa moja. Anza kwa mzee."

Hivyo ndivyo mfuo wa kwanza wa mwaka ule ulivyokatwa katika kishamba cha mlinzi, na iandikwe katika vitabu vya dunia, baada ya kutekwa kwa miji na kabla ya kufa kwa wafalme, kwamba plau ya Nkuhungu ilinyanyuka asubuhi. Mzee Sila alitembea nyuma yake pekupeku ndani ya mfuo, machozi yakimtoka. Walipofika mwisho wa shamba alimkaribia Anselmi, akamwinamia sikioni na kumuuliza kwa sauti ya chini kama trekta linakunywa pombe ya uwele. Anselmi wa Kolo, mshindi wa klachi na wa pampu, akashuka haraka, akaketi juu ya kizibo cha mafuta, na hakuondoka hapo mpaka mzee alipoapa.