Kucha Halijafungwa

Mpaka siku ya mkutano ule sikuwa nimemwambia mtu yeyote: neno lile lilikuwa langu, si la mama.

Mama, ambaye karakanani wanamwita Mama Gia, ni dereva wa trekta dogo la Idara ya Bustani, Miti na Matawi Yaliyoanguka. Trekta hilo lina mikono miwili mbele na ndoo ya chuma ya kubebea mchanga. Kwa miaka miwili idara imekuwa ikisema kwamba ndoo itatolewa na mahali pake patawekwa kucha, yaani vidole vikubwa vya chuma vinavyojifungua na kujibana kwa nguvu ya mafuta, ili matawi yanyakuliwe na mashine badala ya kubebwa na watu. Kila jioni mama hurudi na mikwaruzo mipya mikononi, huketi, huvua viatu, kisha huniambia, "Haya mwanangu, andika taarifa. Kucha hamna." Mimi niliona "hamna" si neno la kuandikwa kwenye karatasi yenye nembo. Nikaandika "Kucha halijafungwa", nikimaanisha halijafungwa kwenye trekta. Mama akasaini bila kusoma. Tulifanya hivyo siku arobaini na moja.

Karani wa mikutano alipougua jino, Mkurugenzi alitaka mtu mwenye mwandiko mzuri wa kunukuu hotuba yake, na mama, kwa fahari zote, akanitaja. Niliagizwa niandike neno kwa neno, pamoja na makofi. "Hata nikikohoa, binti, andika," alisema Mkurugenzi. Hii hapa basi, kama ilivyotolewa ndani ya karakana ya idara.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mazingira; Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye nimeambiwa yuko njiani; Mheshimiwa Mjumbe anayemwakilisha Mheshimiwa aliyetumwa kuwakilisha; waheshimiwa wakuu wa vitengo, wakuu wasaidizi wa vitengo na wote mnaokaimu usaidizi huo; wataalamu, washauri, wadau, wabia na stekiholda kwa ujumla wenu; mafundi, madereva, wafagiaji, na ninyi mliosimama kwa kukosa viti: itifaki imezingatiwa, na kama kuna ambaye sikumtaja, ajione ametajwa kwa kiwango kile kile. (Makofi.)

Nasimama mbele yenu kwa furaha isiyo na kifani, na kwa unyenyekevu ambao wengi wamekiri hawajauona kwa kiongozi mwingine, kuwapa taarifa ya Mradi Mkakati wa Uboreshaji wa Unyakuaji wa Matawi kwa Mfumo wa Kucha, mradi ambao nimeubuni mimi, nimeusimamia mimi, nimeutathmini mimi, na baada ya tathmini hiyo nimejiandikia barua ya pongezi ambayo nakala yake iko kwenye faili. (Makofi. Mkurugenzi anakohoa.) Takwimu zinajieleza zenyewe: kabla ya mradi, tawi moja lilichukua dakika kumi na nne kutoka ardhini hadi kwenye tela, lakini sasa, kwa mujibu wa modeli ya kompyuta, tawi hilo hilo linatumia sekunde tisa tu, na ufanisi umepanda kwa asilimia mia na nne, hizo nne za juu zikiwa ni morali. (Vicheko nyuma. Sauti ya mama mfagiaji: "Kwa hiyo migongo inatuuma kwa modeli?")

Nimesikia sauti, nimeifurahia, na nitaiingiza kwenye fidibaki. Lakini kwanza naomba niwajengee kapasiti, kwa sababu kitabu cha maelekezo ya kucha nimekisoma chote, kurasa sitini na mbili, zikiwemo zile za lugha nisizozijua, na naweza kusema bila kujisifu kwamba hata aliyekiandika hakukielewa kwa kina hicho. Dereva akitaka kupachika kucha, alisogelee polepole kama mtu anayeomba msamaha, ainamishe mikono ya trekta, anase sehemu ya juu, alinyanyue kidogo, kisha azime injini, ashuke, na aangalie kwa macho yake mwenyewe kwamba pini zote mbili, ya kulia na ya kushoto, zimepenya hadi mwisho, kwa maana pini moja ni sawa na suruali yenye mguu mmoja. (Makofi. Mkuu wa kitengo cha miche anaandika.)

Akishamaliza pini, aende kwenye mipira miwili ya kupitishia mafuta. Hapa ndipo sistimu nyingi duniani huanguka. Injini ikiwa imezimwa, dereva achezeshe leva huku na huku mpaka presha iliyobaki ndani itoke, maana ukilazimisha kuunganisha wakati presha ipo, mpira utakukatalia mchana kutwa na mafuta yatakurukia shatini. Afute vumbi kwenye viungio kwa kitambaa kisafi, narudia, kisafi, si kile mnachofutia jasho. Aunganishe. Awashe. Ajaribu bila mzigo. (Fundi Spana, fundi mkuu wa karakana, ananyoosha mkono: "Mkuu, tunaunganisha kwenye nini?") Maswali yote, fundi, yatajibiwa kwenye sesheni ya maswali, ambayo imeahirishwa.

Sasa, ikitokea umesukuma leva ili kucha lijibane nalo likafunguka, usipige kelele, usimtukane aliyelitengeneza, na wala usiitishe kikao, ingawa sisi tuliitisha vitatu: jua tu kwamba umepishanisha mipira, hivyo zima, toa presha, badilisha, basi. Likitembea kwa kusitasita huku likitetemeka, mafuta yamepungua au hewa imeingia ndani. Lifungue hadi mwisho na ulibane hadi mwisho mara kadhaa bila mzigo, halafu pima mafuta. Na ukishanyakua gogo, tembea nalo likiwa chini, karibu na ardhi, huku umeweka uzito nyuma ya trekta, kwa sababu trekta dogo lililobeba gogo juu ya kichwa chake linaweza kusujudu, na likisujudu haliinuki kwa amri ya mkurugenzi. (Makofi marefu. Fundi Spana kwa jirani yake: "Haya aliyosema yote ni kweli." Jirani: "Ndiyo maana naogopa.")

Waheshimiwa, nimefika kwenye sehemu chungu. (Mkurugenzi anavua miwani, anaifuta, anaivaa.) Mradi huu, wenye impakti kubwa namna hii, umehujumiwa na mtu mmoja, naye yumo humu ndani. Nina taarifa arobaini na moja zilizosainiwa na dereva wa trekta, mwanamke ambaye idara imemlea kwa miaka tisa, na zote zina sentensi moja, tena kwa mwandiko mzuri ajabu, mwandiko wa mtu aliyepanga uzembe wake kwa utulivu. Nasoma ya Jumatatu: "Kucha halijafungwa." Jumanne: "Kucha halijafungwa." Jumatano, mvua ilinyesha, nikadhani tutapata habari mpya: "Kucha halijafungwa." (Kalamu ya mwandishi inaanguka. Mwandishi anaiokota.) Siku arobaini na moja, ndugu zangu! Kucha la umma limekaa wazi, limetanua vidole hewani kama mtu aliyekatishwa miayo, haliwezi kujifunga, na dereva anaandika tu! Anaandika! Timu yangu ya wataalamu, bila kulazimika kutoka ofisini, imebaini tatizo: alipishanisha mipira, akaona aibu kuuliza.

(Dereva anasimama: "Mkuu, samahani. Mimi nilisema kucha hamna.")

Hamna? Mama, karatasi hizi hazina "hamna" hata moja. Zinasema halijafungwa, na saini ni yako. Kitu kisichokuwepo hakiwezi kushindwa kufunga. Ukishasema halijafungwa, umekiri kwamba lipo, na ukishakiri lipo, umekiri kwamba ulikuwa nalo, na kama ulikuwa nalo na halikufunga, basi tatizo ni nani? (Dereva anageuka na kumtazama mwandishi. Mwandishi anaendelea kuandika.)

("Mkuu, mimi nabeba magogo kwa mikono hii. Tazama." Dereva ananyoosha mikono.)

Mikono nimeiona, na nitaiombea kipengele kwenye ripoti ya mwaka. Ila sheria ni sheria. Kuanzia Jumatatu dereva huyu atakabidhi ufunguo wa trekta, na nafasi yake itatangazwa kwa mtu mwenye uzoefu wa kucha usiopungua miaka mitano. (Minong'ono. Mama mfagiaji: "Mama Gia huyu huyu? Aliyelitoa trekta kwenye mtaro na wanaume sita wakipiga picha?" Fundi Spana: "Mkuu, huyo miaka mitano ataipatia wapi?" Mwenyekiti wa Kamati anaomba utulivu. Mkurugenzi anakunywa maji.)

Nashukuru kwa kuipokea hatua hiyo kwa hisia. Tusonge mbele, maana rodimapu yetu haina rivasi. Awamu ya pili ya mradi itatuletea makucha kumi na mawili, awamu ya tatu makucha yatakayojiendesha, na awamu ya nne, ambayo naiita Dira, itakuwa na matawi yanayoanguka moja kwa moja ndani ya tela. Nataka wajukuu zenu wapite mtaani, waone hakuna tawi, waulize ni nani aliyefanya haya, nanyi muwajibu bila kusita. (Mkurugenzi anasubiri. Mkuu wa kitengo cha miche anaanza kupiga makofi. Wengine wanafuata.) Tumalizie kwa kaulimbiu, wote kwa pamoja. Nikisema "Kucha", mnaitikia "Kumekucha". Kucha! (Wachache: "Kumekucha.") Sijawasikia. Kucha! ("Kumekucha!") Kwa kucha letu? ("Kumekucha!") Kwa mikono ya wananchi? (Fundi Spana peke yake: "Kuna malengelenge!")

Mwisho kabisa, kwa heshima na taadhima, naomba nisome shukrani kama zilivyoandaliwa na katibu wangu, ambaye ni makini kuliko mimi kwa mambo madogo. Nawashukuru wafanyakazi wote kwa kujitoa kwao. Namshukuru mchoraji aliyetuchorea kucha kwenye bango hili nyuma yangu, kwa kukisia, baada ya kuelezwa kwa simu. Naishukuru Kamati kwa kupokea taarifa kwamba mradi umekamilika kwa asilimia mia moja na kilichobaki ni kucha lenyewe. Na kwa namna ya pekee nakishukuru kiwanda, ambacho kwa uvumilivu mkubwa kimeendelea kusubiri, kwa mwaka wa pili sasa, barua yetu ya kuliagiza. (Feni inasikika.)

(Fundi Spana: "Mkuu, hapo kwenye barua, turudie kidogo.")

Kwa furaha, fundi, naona umeguswa. Nakishukuru kiwanda, ambacho kwa uvumilivu mkubwa kimeendelea kusubiri, kwa mwaka wa pili sasa, barua yetu ya kuliagiza. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Kucha! (Hakuna anayeitikia. Mwenyekiti wa Kamati anatazama viatu vyake. Mkurugenzi anapiga makofi.)

Hotuba iliishia hapo. Watu walitoka wakicheka, lakini barua ya kumtoa mama kazini haikucheka. Alipewa mlangoni, ikiwa tayari imepigwa muhuri. Nje, karibu na bomba la maji, nilimwambia kila kitu. Nilimwambia kwamba "hamna" niliiona ni ya mitaani na nikambadilishia neno lake ili taarifa isomeke vizuri. "Mwanangu," alisema, "nilikuwa nakusomesha ili usiandike kama mimi. Laiti ungeandika kama mimi siku hizo arobaini na moja tu." Halafu akaosha uso, akaniuliza kama nimekula.

Kesho yake asubuhi, kabla ya shule, nilipeleka hotuba niliyoinukuu ofisini kwa Mkurugenzi. Aliisoma yote akitikisa kichwa kwa kuridhika, akaongeza neno "makofi" sehemu tatu ambako hayakuwepo, akauliza kwa nini kikohozi kimeandikwa mara moja tu wakati alikohoa mara mbili, nikarekebisha. Akasaini kila ukurasa. Katibu wake akapiga mihuri taratibu, bila kuniangalia, na alipofika kwenye ukurasa wa shukrani akapiga miwili.

Niliandika rufaa ya mama kwa jina lake na kwa maneno yake, nikimsomea kila sentensi kabla ya kwenda kwenye inayofuata. Alipotaka neno litoke, nililitoa. Chini yake niliongeza aya moja kwa jina langu, nikieleza kwamba neno "halijafungwa" nililichagua mimi, na nilimaanisha nini. Hotuba niliiambatanisha. Sikuipigia mstari popote.

Tulipanda ghorofa ya pili, kwenye dirisha la Kamati ya Rufaa za Wafanyakazi. Nilisogea mbele ya mama na kuiingiza bahasha dirishani mimi mwenyewe. Karani aliuliza kiambatisho kina kurasa ngapi. Nikasema saba, zote zimesainiwa. Akaandika saba, akanipa karatasi ya kupokelea, akasema tutaitwa ndani ya siku kumi na nne. Mama akaenda karakana kukabidhi ufunguo, kwa sababu ilikuwa Jumatatu. Mimi nikaenda shule.