Utafiti wa Siri wa Daktari Nazih

Daktari Nazih alikuwa hajamaliza hata istikana ya kwanza ya chai, kile kibilauri kidogo cha Ghuba, alipotambua kwamba riziki yake ya mwaka huo imeketi mbele yake, imevaa kanzu nyeupe, na inagombana na shemeji yake.

Ilikuwa kwenye diwania, ukumbi wa wanaume wa kupigia soga, katika mtaa wa Kaifan, mjini Kuwait, baada ya sala ya alasiri. Nazih aliingia humo kama anavyoingia kila mahali: kwa kumfuata nyuma mtu anayejulikana, kisha kusalimia kwa sauti kubwa kuliko wenyeji. Waliokuwa wanagombana ni Bu Mishal na Bu Fawaz, yaani baba Mishal na baba Fawaz, wauza kondoo. Bu Mishal alimwoa Badriya, dada yake Bu Fawaz, na tangu siku ya harusi hiyo mashemeji hao hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa kwamba chakula kimechelewa.

"Nakwambia ni aifoni!" alisema Bu Mishal. "Angalia humu ndani. Nani hana aifoni? Mwenye nyumba anayo, wanawe wanayo, hata bibi yao aliyepoteza meno anayo!"

"Wewe unahesabu watu wa kwenye zulia," Bu Fawaz akajibu. "Toka nje uone. Saudia yote ile, Oman, Bahrain. Androidi, shemeji! Androidi tupu!"

"Na hao wa nje wananunua kondoo mzima?"

"Na hao wa kwenye zulia, lini mara ya mwisho walimshika mkia kupima mafuta?"

Diwania nzima ikacheka. Lakini jambo lenyewe halikuwa mzaha. Wawili hao walitaka kutengeneza programu ya simu, ili mtu wa Kuwait, Dammam au Manama amchague kondoo kwa kidole na aletewe mlangoni, akiwa mzima au amekwisha kuchinjwa. Pesa walizokuwa nazo zilitosha kutengeneza kwa aina moja tu ya simu kabla ya Idi. Kule Jahra kulikuwa na mfanyabiashara mwingine aliyekuwa anaandaa ya kwake. Wakikosea, Idi itapita na kondoo wao watabaki zizini wakitafuna faida.

Nazih akaweka chai chini. Moyo wake ulidunda kama wa bwana harusi.

Sasa, kwa Kiarabu nazih ni mtu asiyegusa kisicho chake. Tusiwalaumu wazazi wake. Mtoto akiwa na siku saba nani anajua? Udaktari nao haukuwa wa sindano wala wa vitabu. Aliupata siku alipokuwa anajaza fomu ya benki akaona pameachwa nafasi.

Alimnasa Bu Mishal mlangoni, akitafuta kandambili zake.

"Ndugu yangu, mle ndani sikutaka kusema. Watu wana masikio," akanong'ona. "Nina utafiti. Nchi sita za Ghuba. Miezi tisa ya kazi. Uko sahihi."

"Aifoni?"

"Kama ungekuwa mwanafunzi wangu, ningekupa mia kwa mia."

Bu Mishal, ambaye hakuwahi kupewa mia kwa mia na mtu yeyote, mkewe akiwemo, alilipa dinari elfu mbili kesho yake, kutoka mfukoni mwake. Akakabidhiwa kitabu cha kurasa arobaini, chenye jalada la bluu na neno SIRI kwa wino mwekundu.

Siku mbili baadaye Nazih alikuwa soko la kondoo la Al-Rai, akipuliza vumbi kwenye viatu vyake mbele ya zizi la Bu Fawaz. "Ndugu yangu, kule diwania sikutaka kusema..." Na Bu Fawaz naye akapata kitabu chake kwa bei ileile, cha jalada la kijani. Palipokuwa na aifoni paliwekwa androidi. Kazi ya kubadilisha ilimchukua Nazih muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa ya kahawa.

"Ila shemeji yako asijue," alimwambia kila mmoja. Hapo tu ndipo alipokosea, kwa sababu hakuuliza nani anatia sahihi.

Aliyekuwa anatia sahihi ni Badriya. Theluthi ya biashara ilikuwa yake, urithi wa baba yake, na hakuna hundi iliyotoka bila mkono wake. Alikuwa amefundisha hesabu sekondari miaka ishirini na sita na akastaafu akiwa na macho ya mtu aliyekwisha kuona kila aina ya uongo wa kazi za nyumbani.

Jumatatu mumewe alimletea kitabu cha bluu. "Soma, mama Mishal, kisha utie sahihi hundi ya programu. Ila kaka yako asijue."

Jumanne kaka yake alimletea cha kijani. "Soma, dada, utie sahihi. Ila mumeo asijue."

Badriya akaviweka viwili hivyo sambamba juu ya meza ya jikoni, akavaa miwani. Alipofika ukurasa wa kumi na moja akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Paliandikwa hivi, katika vitabu vyote viwili:

*Wanawake wa Doha hupendelea kondoo mwepesi mchana na kondoo mzito jioni. Asilimia sabini na nane hujipulizia kondoo nyuma ya masikio kabla ya kwenda harusini.*

Akageuza ukurasa. *Kondoo asiachwe juani, kwani huvukiza.*

Badriya alicheka mpaka mpishi wake, Kunhumon, akatoka stoo kuuliza kama aite gari la wagonjwa. Ilikuwa wazi kama jua la Agosti: kitabu hicho kiliwahi kuuzwa kwa mwuza manukato, na Daktari alikuwa amefuta neno moja na kuweka jingine bila kusoma.

Akawaita mashemeji wote wawili, akawasomea kwa sauti, kila mmoja na jalada lake mkononi.

"Nitamvunja mguu," akasema Bu Fawaz.

"Tuende polisi," akasema Bu Mishal.

"Mkaseme nini? Kwamba mliambiwa kondoo hupulizwa nyuma ya masikio mkatoa dinari elfu mbili kila mtu?" Badriya akawatazama kama wanafunzi wa dawati la nyuma. "Mmeuziwa mbuzi kwenye gunia, na nyinyi ndiyo kazi yenu mbuzi na kondoo! Tulieni. Swali letu bado halina jibu: tuanze na simu ipi? Utafiti wa kweli ni ghali. Huyu bwana ana miguu, ana mdomo, na ana pesa zetu. Mwacheni kwangu."

Nazih alipopigiwa simu na mwanamke mwenye sauti ya upole aliyemwita "Daktari wetu", alinyoa ndevu mara mbili. Akakaribishwa sebuleni kwa Badriya, akawekewa tende na kahawa ya iliki.

"Nimesoma vitabu vyako," alisema Badriya akiinamisha macho. "Sijawahi kusoma kitu kama kile."

"Wengi husema hivyo, dada."

"Nina mjomba, Suwaihil. Kondoo wa nusu ya Najd, kule Saudia, walikuwa wake. Mzee yule haamini vitabu, anaamini watu. Ukimletea watu elfu moja na mia mbili kutoka Kuwait, Dammam, Manama na Doha, kila mmoja na jina, namba, simu anayotumia, na nani nyumbani kwake aliyeagiza kondoo wa mwisho kwa mkono wake mwenyewe, basi kwa mtu wa namna yako dinari elfu thelathini si kitu. Tuandikiane mkataba?"

"Hapana, hapana!" Nazih akainua mikono yote miwili. Karatasi alizichukia kama paka anavyochukia bomba la maji. "Baina ya watu waungwana neno linatosha."

"Wewe mwenyewe umesema," akajibu Badriya, akammiminia kahawa.

Siku ya tatu Nazih akarudi na orodha. Watu elfu moja na mia mbili, wote waliozaliwa chumbani kwake, chini ya kiyoyozi. Badriya akashusha kidole katikati ya ukurasa.

"Huyu hapa. Fahad, wa Dammam, mfuga ngamia. Ngoja nimsalimie."

Akabonyeza namba. Mfuko wa kushoto wa koti la Nazih ukaanza kuimba.

Wakatazamana. Mfuko ukaimba mpaka ubeti wa pili.

"Pokea, Daktari," alisema Badriya kwa upole. "Huenda ni Fahad."

"Ni... ni mtu wa karibu sana," Nazih alisema, akiubana mfuko kwa kiganja. "Kuna makosa madogo ya uchapaji. Nipe wiki tatu."

"Chukua nne. Ila mjomba wangu ndivyo alivyo: kila mia moja, lazima kumi wapigiwe."

Mjanja mwingine angekimbia siku hiyo. Lakini elfu thelathini ni namba inayolala na mtu kitanda kimoja. Nazih akapiga mahesabu: kila njia ya kughushi ilikuwa ghali kuliko kufanya kazi yenyewe. Basi, kwa mara ya kwanza maishani, kwa uchungu mkubwa, akafanya kazi.

Aliajiri wanafunzi wanane wa chuo. Akalipa nauli za Dammam, Manama na Doha. Elfu nne za mashemeji zikaisha, akauza saa yake, akakopa kwa binamu. Yeye mwenyewe alisimama Al-Rai asubuhi kwa asubuhi, kalamu sikioni, akiuliza wanunuzi. Hapo ndipo alipogundua kitu kilichomfanya asimame kinywa wazi katikati ya mbolea: wenye nyumba hawapo. Waliokuwa wanashika mikia na kubishana bei ni wapishi, madereva na watunza diwania.

"Bwana wako anajua bei ya kondoo?" alimuuliza mpishi mmoja mwenye mwavuli.

"Bwana?" Mpishi akacheka mpaka mwavuli ukapinda. "Bwana anajua kula! Mimi napiga picha, namtumia mama mwenye nyumba, mama anasema 'sawa', bwana analipa kwa kiungo cha benki kwenye simu. Kondoo nachagua mimi, miaka kumi na saba sasa."

"Na simu yako?"

Akamwonyesha. Androidi, kioo kimepasuka pembeni, maandishi yote Kimalayalam, lugha ya kwao Kerala, India.

Nazih akaiandika. Usingizi ulimpaa kwa wiki nzima, na haikuwa hofu. Alikuwa anajua jambo ambalo mtu mwingine hajui, na jambo lenyewe lilikuwa kweli. Hakujua hisia hiyo inaitwaje; alidhani ni tumbo.

Wiki ya nne akaweka mezani kwa Badriya orodha kamili. Badriya alipiga simu mia moja na ishirini. Watu mia moja na ishirini walipokea, na hakuna hata mmoja aliyelia kutoka mfukoni kwa mtu.

"Kazi safi," alisema, na hapo hakuwa anaigiza. "Ningekuwa bado nafundisha, ningekupa mia."

Nazih akajikuta anaona haya. "Asante, dada. Sasa mjomba yuko wapi, tumalizane?"

"Yuko makaburini, Mungu amrehemu. Mwaka wa kumi na tisa huu."

Nazih akashusha kikombe.

"Lakini... ulisema haamini vitabu!"

"Hakuviamini mpaka alipokufa. Nilisema pia kwamba kondoo *walikuwa* wake. Daktari mzima hukusikia?"

"Nitakwenda mahakamani!"

"Kwa mkataba upi?" Akasukuma mezani vitabu viwili, cha bluu na cha kijani, vyote vimefunuliwa ukurasa wa kumi na moja. "Ukienda, beba na hivi. Hakimu naye ana mke, atapenda kujua kondoo gani anafaa jioni."

Mla cha mwenzie na chake huliwa. Nazih alikunywa kahawa iliyobaki, kwa sababu ilikuwa kitu pekee alicholipwa, akaondoka.

Jioni hiyo Badriya alitangaza uamuzi: wataanza na androidi, kwa mikono ya wapishi na madereva, kisha kiungo cha malipo kimwendee mwenye nyumba kwenye aifoni yake.

"Nilisema!" Bu Fawaz akaruka.

"Ulisema kwa sababu wewe mwenyewe unayo," dada yake akamjibu. "Kaa chini."

"Na maandishi yatakuwa Kiarabu," akasema Bu Mishal, akitafuta japo ushindi mdogo.

"Kiarabu, Kimalayalam na Kibengali."

"Kondoo wangu! Wasomwe Kimalayalam!"

"Kunhumon!" Badriya akaita jikoni. "Kondoo kwa Kimalayalam anaitwaje?"

Jibu likaja pamoja na harufu ya wali, na Bu Mishal akalirudia mara tatu mpaka ulimi ukakubali. Idi ile zizi lilikuwa tupu siku mbili kabla ya sikukuu, na yule wa Jahra, aliyeanza na aifoni, akabaki na kondoo mia tatu na programu nzuri sana kuitazama.

Nazih naye alivuka kwenda Bahrain na nakala ya orodha. Akaingia duka la halwa pale Muharraq, akamkuta mwenyewe, mzee mnene wa Kibahraini aliyekuwa anataka programu ya simu.

"Aifoni, si ndiyo, Daktari?" aliuliza mzee akitabasamu. "Wateja wangu ni watu wakubwa."

Uongo ulimjia Nazih mdomoni wenyewe, umeoga, umepaka mafuta. Akaumeza. Akafungua orodha. "Hapana, mzee wangu. Wakubwa wanakula tu. Anayeagiza ni mpishi na dereva. Anza na simu zao."

Mzee akaacha kutabasamu. "Nitoe pesa yangu nimtengenezee programu mpishi wangu?"

"Watu elfu moja na mia mbili, mzee! Hawa hapa, na namba zao!"

"Kumbe ndio nyinyi tunaoonywa juu yenu!" Mzee akainuka, akamshika mkono wa koti, akamtoa mpaka barazani. "Tapeli mkubwa wee! Nenda kawaibie wajinga!" Akafunga mlango wa kioo.

Miaka ishirini watu walikuwa wamemwita mshauri, mtaalamu, daktari, na hakuna aliyewahi kumtukana hivyo. Nazih alisimama juani, orodha bado mkononi. Kisha akarudi mbio, akabandika kurasa kwenye kioo kwa viganja vyote viwili.

"Mpigie yeyote!" alipiga kelele, na wapita njia wakageuka. "Hii ni ya kweli, mzee! Hii moja, wallahi, ni ya kweli!"