Kanyama Kenye Mfuko na Mpunga wa Mzee Gwamaka

Jumatatu, 9 Juni
Mzee Gwamaka ametamka: anayemtaka binti yake Asifiwe aonekane Ijumaa shambani kwake, akivuna mpunga. Namtaka mno. Hezroni naye anamtaka, na ana mabega. Mimi nina akili. Mwalimu wa baiolojia kanisimulia kanyama ka Australia, kadogo kama panya, jike lake lina mfuko tumboni. Baridi ikiingia kanalala miezi bila kula, kanaishi kwa mafuta ya mwilini. Yaani nguvu haitumiki! Nami nitalala mpaka Ijumaa. Hezroni atafika kachoka na wiki nzima ya kuamka.

Jumanne, 10 Juni
Nanenepa. Nimemaliza sufuria nzima ya ndizi peke yangu. Mama kauliza nani anakuja. Nimemjibu ni sayansi. Mwalimu alisema wapo wanaohifadhi mafuta mkiani. Sasa mimi? Nimejipapasa mgongo mzima, sijaelewa.

Alhamisi, 12 Juni
Jana sikulala, jasho tu. Kyela hii hata Juni haina baridi ya maana. Nimehamia stoo ya kakao, kwenye saruji tupu, nimejikunja. Njaa inauma. Kanyama kanavumiliaje? Na nani hukaamsha? Hilo sikuuliza.

Ijumaa, 13 Juni
Nimeamshwa na vilio. Msiba! Nikakaa, nikauliza nani kafa. Wanawake wakakimbia. Kumbe ni mimi. Mama alinikuta nimejikunja, nimepoa kama saruji, siitiki, akapiga yowe. Na kwetu yowe la msiba likisikika, hakuna anayebaki shambani. Wavunaji wote wa Mzee Gwamaka walitupa miundu wakaja kunizika. Ng'ombe wakaingia kwenye mpunga. Aliyekumbuka kurudi kuwafukuza ni Hezroni. Hezroni tena!

Mzee hakufoka. Aliniamkia tu Kinyakyusa, "Ugonile?", yaani umelalaje. Nikajibu vizuri sana. Sijui kwa nini alitikisa kichwa.

Asifiwe macho mekundu. Alinililia mimi! Moyo ukapaa. Akanisogelea, akasema taratibu, "Ambwene, nirudishie machozi yangu." Akaondoka. Imeniuma, imeniuma kweli.

Jumapili, 15 Juni
Mshenga wa Hezroni amepokelewa. Harusi ni baada ya mavuno. Nimemweleza mwalimu yote. Kasema kanyama huwa kanaamka mara moja moja, kisha kanalala tena, na kwamba binadamu hakuumbiwa hayo. Kumbe kosa langu ni hilo tu: sikuamka katikati!

Nimewaza sana. Kama msiba unasimamisha mavuno, kusimamisha harusi ni kitu gani? Siku hiyo nitalala stoo.

Nimemwomba Mama sufuria nyingine ya ndizi, nianze mapema. Kauliza nani anakuja. Nimemwambia wote.