Lebo za Pleko wa Bwana Nabil

Jambo la kwanza aliloliona Rumaisa ni kwamba madoa ya samaki yule yalikuwa yamepangika. Ugonjwa haupangi. Ugonjwa humwagika juu ya samaki kama chumvi, huku tele, huku haba. Haya yalikuwa ya manjano, madogo, safu kwa safu toka kichwani hadi mkiani, kama yaliyoshonwa na fundi wa kofia.

Akanyamaza. Katika duka la samaki wa mapambo la Bwana Nabil, pale mtaa wa Langoni, Lamu, kazi zake zilikuwa tatu: kusugua matangi ya kioo, kuandika lebo, na kunyamaza. Shule aliiachia darasa la sita, lakini mwandiko wake ulisifiwa mji mzima. Hakuna harusi ya maana iliyopita bila yeye kuandika majina kwenye kadi.

Siku hiyo Nabil alipokea pleko kumi kutoka Mombasa, wale kambare wadogo wenye ngozi ngumu wanaojibandika kiooni kwa mdomo na kula ukoga. Tisa walikuwa weusi tititi. Wa kumi ndiye huyo.

"Huyu ana maradhi," Nabil akaamua. "Mtoe asiwaambukize wenziwe. Na hawa tisa waandikie L 177."

Hapa inabidi kueleza. Pleko wana aina nyingi mno, hata wafanyabiashara wamechoka kubuni majina, wakawapa herufi L na nambari, kama magari. Kuna nambari isiyokununulia chai, na kuna nambari inayokununulia punda. L 177 ilikuwa ya punda na tandiko lake. Nabil aliisoma kwenye simu akimsubiri kinyozi, na zamu yake ikafika kabla hajashuka hadi kwenye picha ya samaki mwenyewe.

"Huyu mgonjwa naweza kumchukua?" Rumaisa akauliza, akiitazama ndoo.

"Wa nini?"

"Wa birika."

Nyumba za Amu hufuga samaki kwenye birika la msalani ili wale viluwiluwi vya mbu, kwa hiyo jibu lilitosha.

"Mchukue. Akifa, matanga yawe kwenu."

Alasiri akaja Bwana Alwi, mwenye nyumba ya wageni huko Shela. Naye alikuwa na siri yake. Mgeni wake mmoja, Ronald wa Nairobi, mfugaji wa samaki, alikuwa amemwambia wakinywa chai kwamba L 177 angemnunua kwa bei yoyote.

"Nataka visamaki tu vya birika," Alwi alisema, akijikuna kidevu. "Vyovyote."

"Hawa siwauzi," Nabil akasema kwa huzuni. "Nimewazoea."

Wakadanganyana hivyo nusu saa nzima, kwa adabu kubwa. Mwisho Alwi akatoa simu, akaonyesha picha aliyopewa na Ronald: samaki mweusi mwenye madoa ya manjano.

"Mato yangu yaona weusi mtupu. Madoa yako wapi?"

Ulimi wa Nabil ulikuwa mwepesi kuliko kumbukumbu yake. "Ni uchovu wa ndia, Bwana Alwi. Wewe ukishuka kwenye basi la Mombasa, uso wako wang'ara? Wape wiki moja wapumzike."

Alwi akawanunua wote tisa.

Ronald hakuhitaji wiki. Alihesabu vijiti vya pezi la mgongo: kumi na viwili, na L 177 ana saba. Akamwambia Alwi kwamba hao ni pleko wa kawaida kabisa, na wakikua watalingana na mkono wake.

Baada ya siku mbili Alwi aliingia dukani na ndoo. Sauti yake ilimtangulia.

"Mwizi! Lebo hizi nani kaziandika?"

Nabil hakupepesa jicho. "Huyu binti. Mimi nilisema pleko wa kawaida. Hakufika hata darasa la saba, Bwana Alwi, tumsamehe."

Alwi akamgeukia Rumaisa. "Wewe? Na kadi za harusi ya mwanangu ni wewe uliyeziandika! Mji wote utajua."

Rumaisa akazitazama lebo. Jina lake lote lilikuwa katika mwandiko ule. Likichafuka, hakuwa na jingine.

Ndipo Nabil akaikumbuka ile picha ya Alwi, na madoa ya yule samaki wa kumi. Akamvuta pembeni, akanong'ona: "Yule mgonjwa yu hai?"

"Alipona."

"Kamlete upesi, nimtulize mzee."

"Kwanza mwambie nani aliyeamuru lebo."

Nabil akaupima ukubwa wa hasara, akaweka mkono kifuani kama anayekula kiapo. "Bwana Alwi, wallahi ni mimi niliyemwambia aandike. Yeye hana kosa."

Alwi akashusha sauti. "Niwie radhi, mwanangu," akamwambia Rumaisa. "Na wewe Nabil, rudisha haki yangu."

"Haki yako yaja sasa hivi. Rumaisa, samaki!"

"Hayupo. Jana ulipokwenda msikitini, Ronald alikuja kuuliza pleko hawa walifika wangapi. Nikamwambia kumi, na wa kumi yuko kwetu. Mama akamuuzia yule wa birika, na asubuhi hii yeye na samaki wameruka kwa ndege kutoka uwanja wa Manda."

Nabil aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Ulijua tangu mwanzo? Mbona hukuniambia?"

Rumaisa aliangalia vidole vyake vya miguu, kwa mazoea tu, kisha akainua uso.

"Kwa sababu kazi yangu ni kunyamaza. Na samaki huwajui, Bwana Nabil. Hujapata kuwajua hata siku moja."