Mahitaji Yaliyoidhinishwa ya Kitambaa cha Nguzo

Serikali ya kata ya Kamisawa inawatangazia wakazi wote kwamba mahitaji ya kitambaa cha kaboni, kile kinachobandikwa kwa gundi kuzunguka nguzo za majengo makuukuu ili tetemeko lisiziangushe, yatapanda maradufu mwaka huu. Hayana hiari. Mkurugenzi wa Mahitaji, Bwana Kuramochi, alikuwa ameshayapangia ratiba.

Ndiyo maana Kuramochi alikereka Bi. Minegishi, mjane mwenye hamamu ya mtaa, alipomletea mahitaji yake mwenyewe bila kualikwa.

"Nguzo zangu zina nyufa, bosi. Mkono unaingia! Na wazee wanaoga humo kila siku."

"Mama, nyufa zako hazijahamasishwa," alisema Kuramochi kwa upole. "Kampeni inaanza mwezi wa tisa. Ukihitaji kabla ya hapo unavuruga soko."

"Na tetemeko nalo limepewa ratiba?"

"Hiyo ni idara nyingine."

Mjane alipofukuzwa mara ya nne, lipu ya ngazi za ofisi ilimdondokea begani. Akatazama juu. Jengo lile lilikuwa rika moja na hamamu yake, na fundi wao alikuwa mmoja. Akarudi ndani, akaomba fomu ya majengo ya umma, ambayo haingoji kampeni, akajaza anwani ya ofisi yenyewe.

Sasa, Kamisawa hapagongwi mhuri hivi hivi. Mdogo huulaza kidogo kuelekea wa mkubwa wake, ili jina lake limwinamie bosi. Mihuri mitano iliinama kwenye fomu ile. Kuramochi aliikagua mmoja mmoja, akamkaripia karani aliyeinama nusunusu, kisha akagonga wake, wima kabisa. Maandishi hakuyasoma. Kusoma ni kazi ya walio chini, na walio chini hawakusoma kwa kuwa mwenye kuidhinisha ni bosi.

Jumatatu akakuta mafundi wa kitambaa wamezungusha utepe mwekundu mlangoni mwa ofisi.

"Nani kaidhinisha upuuzi huu?"

"Wewe, bosi," fundi akamwonyesha fomu. "Tena mhuri umenyooka kweli."

Kutengua kulihitaji mihuri ileile sita, nayo yote ilikuwa ndani, na ndani hakuingiliki. Ukumbi pekee uliobaki mtaani wa kuhamishia ofisi ulikuwa hamamu, lakini sheria inakataza mtumishi wa serikali kukaa karibu na nguzo yenye ufa. Raia haiwataji. Basi nguzo za mjane zikavishwa kitambaa ndani ya siku tatu. Bi. Minegishi alizipapasa, akalia kwa furaha mbele ya mafundi bila kuona haya.

Kuramochi akawasili na mkoba, tai, na hotuba juu ya kupanda kwa mahitaji.

"Karibu, baba. Nguo weka kwenye kikapu."

"Nimekuja kikazi, mama!"

"Na hii ni hamamu. Mwenye nguo haingii, hata awe waziri. Kataulo kako haka."

Saa nne asubuhi foleni ya wananchi ilifika barabarani. Mkurugenzi aliwapokea juu ya kigoda cha plastiki, taulo la ukubwa wa leso ya mkononi likiwa mapajani. Wa kwanza alikuwa muuza tofu mmoja, mzee aliyesumbuliwa na ofisi hiyo kwa miaka. Alimkagua toka utosini hadi vidoleni.

"Kumbe ndiye huyu tu?" akasema. "Haya geuka, mwanangu, nikusugue mgongo."