Kamati ya Kubaini Nani Alitangulia Kufika

Kwa heshima na taadhima, Kamati Teule ya Kubaini Nani Alitangulia Kufika inawatangazia wanafunzi, wazazi, walimu, na ng'ombe wanaoingia uwanjani bila kibali kwamba imekamilisha kazi yake. Swali lililowatoa jasho wataalamu kwa miaka mia mbili, yaani nani walikuja India, kutoka wapi, na walimkuta nani, limejibiwa katika bwalo la shule yetu kwa siku tisa. Katika hizo, mbili zilikuwa za mapumziko na moja ya mafua ya Mwenyekiti.

Mimi ndiye katibu. Niliteuliwa kwa sababu nina mwandiko mzuri, na kwa sababu tayari nilikuwa nimefungiwa bwaloni kila alasiri kwa kosa la kumwandikisha mbuzi wa mwalimu mkuu darasa la sita. Alihudhuria siku nne. Alama zake hazikuwa mbaya.

Chanzo cha Kamati kilikuwa chakula. Mpishi wetu wa zamani alistaafu baada ya miaka thelathini ya kutupikia dengu nyepesi kiasi kwamba ungeweza kuhesabu mikwaruzo chini ya bakuli. Ofisi ya wilaya ikamleta Phulesari Devi kutoka mtaa wa kusini, ule ambao waliopanga mji wetu waliuweka kwa makusudi upande usiotoka upepo, ili pumzi za tabaka la chini zisiwafikie wa juu. Siku ya kwanza alitupikia litti, yale madonge ya unga yanayochomwa kwenye majivu, pamoja na bilinganya za kuponda zenye pilipili na vitunguu saumu. Siku ya tatu, wavulana wote waliokuwa wakijitia ugonjwa ili warudishwe nyumbani walipona.

Siku ya nne ikaja barua ya wazazi, yenye sahihi kumi na moja, ikieleza "wasiwasi kuhusu mikono inayogusa sufuria". Haikusema mikono hiyo ilikuwa na tatizo gani. Ilikuwa na vidole kumi, nilihesabu.

Mwenyekiti wa bodi yetu, Pandit Girijanandan Upadhyay, wa ukoo wa makuhani, ni mtu anayeheshimu sheria. Sheria ya nchi inakataza kumfukuza mtu jikoni kwa sababu ya tabaka lake. Kwa hiyo Mwenyekiti hakuthubutu kumuuliza mama yule tabaka lake. Aliunda kamati.

"Hili si suala la tabaka," alisema akifungua kikao cha kwanza. "Ni suala la utaratibu wa kihistoria."

Kisha akatoa ile hotuba yake. Sisi tunaijua, maana huitoa kila Siku ya Jamhuri, jua likiwa utosini: jinsi mababu zake walivyotoka mbali kaskazini-magharibi, wakavuka milima ya barafu kwa farasi na magari ya vita, wakishika njia ya mito, huku wakiimba sala bila kukosea hata neno moja. Anapofika kwenye farasi huinua mikono kama ameshika hatamu. Safari hii aligonga kikombe cha mwalimu wa hesabu.

Baada ya sakafu kupigwa deki, Kamati ikapitisha Azimio Namba Moja. Nalinukuu kama lilivyo: "Aliyetangulia kufika katika nchi hii ndiye mwenye haki ya jiko na ya kukaa mbele ya foleni. Aliyekuja baadaye atapanga nyuma. Azimio hili linamhusu kila mtu, bila kujali cheo."

Sentensi ya mwisho niliiongeza mimi, kwa ajili ya urembo. Mwenyekiti alitia sahihi bila kusoma. Yeye husoma tu zile karatasi zenye picha yake. Palepale akaagiza mpigapicha wa gazeti aje siku ya kufunga kazi ya Kamati, maana ni desturi ya shule yetu kwamba kamati yoyote ikimaliza kazi Mwenyekiti hula pamoja na wanafunzi na picha inatoka.

Siku ya pili ya vikao Phulesari aliitwa kutoa ushahidi. Hakupewa kiti. Alisimama mlangoni, unga umemfika viwikoni.

"Ninyi mlifika hapa lini?" Mwenyekiti akauliza.

"Mimi? Saa kumi na moja alfajiri, Pandit-baba, kama kila siku. Kuni zilikuwa mbichi."

"Siyo wewe. Ukoo wako."

"Tulifika kutoka wapi?"

"Hilo ndilo Kamati inalouliza!"

"Sisi hatukufika, baba. Anafika aliyetoka mahali."

"Kila mtu ametoka mahali," Mwenyekiti akasema, kifua mbele. "Sisi, kwa mfano..."

"Mlitoka mbali, najua. Farasi, barafu, magari. Spika zenu zinasikika mpaka kwetu." Akafuta mikono kwenye ncha ya sari. "Sasa hebu niambie, mlipoteremka kwenye hayo magari, mlimkuta nani?"

Mwenyekiti akatafuta kikombe chake. 

"Mwenyekiti-ji," nikasema, kalamu mkononi, "niandike jibu gani?"

"Andika chai."

Nikaandika: Kikao kiliahirishwa kwa chai.

Phulesari alirudi jikoni, akaanza kukunja vitambaa vyake na kuvitia kwenye mfuko. Nilimfuata.

"Amma, unafanya nini? Umewashinda!"

"Nirbhay, mwanangu, wewe bado mdogo. Wakubwa wakishindwa, wanahesabu upya." Akanipa donge la litti. "Kula kabla hawajamrudisha yule wa dengu za maji."

Alisema kweli. Baada ya chai, Mwenyekiti alirudi na msimamo mpya: ukoo wake haukutoka popote. Ulikuwa hapahapa tangu dunia iumbwe.

"Na wale farasi?" akauliza mwalimu wa hesabu, ambaye suruali yake ilikuwa bado na doa la kile kikombe.

"Walizaliwa hapa."

"Na ile milima ya barafu?"

"Tulikwenda kutembea, tukarudi."

Mwalimu wetu wa historia, mama mpole ambaye ni mjumbe asiye na kura, akakohoa. Akasema waliokuja walikuja kidogokidogo, wakaoana na waliowakuta kwa karne nyingi, na kwamba ni baadaye sana watu walipofunga milango na kuanza kuulizana nani aguse nini.

"Unataka kusema tumechanganyika?" Mwenyekiti akauliza.

"Kama wali na dengu, Pandit-ji. Sahani ikishakorogwa, huwezi kuurudisha wali chunguni."

"Hilo lisiingie kwenye kumbukumbu!"

Nikaandika: Mwenyekiti aliagiza hilo lisiingie kwenye kumbukumbu.

Ili kumaliza ubishi, Mwenyekiti akamwita mtunza nasaba wa ukoo wake kutoka Gaya. Ndiko familia zetu huenda kuwatolea wafu vidonge vya wali ili wasione njaa huko waliko, na kila anayekwenda huandika kwa mkono wake mwenyewe, katika kitabu cha ukoo, jina lake na walikotoka wazee wake. Mzee Lokmani alifika siku ya tisa, kitabu kimefungwa kwa kitambaa chekundu, kirefu kama mto wa kitandani. Mpigapicha naye alishafika. Wanafunzi mia mbili tulikuwa tumekwisha kushika sahani.

"Soma kwa sauti," Mwenyekiti akaamuru. "Wote wasikie."

Mzee Lokmani akavaa miwani. "Huu ni mkono wa baba wa babu yako. Anasema: 'Sisi tulitoka magharibi, ng'ambo ya mito mitano. Tulipofika ukingo wa mto huu wa Gandak tulikuwa hatujala siku tatu. Watu wa upande wa kusini...'"

"Soma polepole," akasema Mwenyekiti.

"Nasoma polepole. 'Watu wa upande wa kusini walitupikia wali na samaki, tukala, tukapona. Wanangu msisahau.'"

Mtu mmoja akaangusha kijiko.

"Kitabu hicho kina makosa," Mwenyekiti akasema.  "Huyo aliyeandika si wetu."

Mzee Lokmani akavua miwani. "Si wenu? Basi vile vidonge ulivyomtolea mwaka juzi, ukilia mbele yangu, vilimfikia nani?"

Hapo Mwenyekiti akaketi. Anaweza kumkana farasi. Anaweza kukana milima. Lakini kumwacha baba wa babu yake na njaa huko aliko, hapana. Mtu wetu yeyote asingeweza.

Nikasimama nikasoma Azimio Namba Moja, lote, pamoja na urembo wake. Wajumbe wakapiga kura haraka, maana harufu ya vitunguu saumu ilikuwa imeingia. Jiko likabaki kwa Phulesari. Mwalimu wa hesabu akamwonyesha Mwenyekiti mwisho wa foleni kwa adabu kubwa, nyuma ya darasa la sita.

Alisimama huko dakika arobaini, sahani kifuani. Hakukimbia, nampa heshima yake. Mpigapicha alikuwa mbele yake muda wote. Mbuzi wa mwalimu mkuu alikuja, akasimama nyuma yake, ikawa yeye si wa mwisho tena.

Alipofika mbele hakuinua macho. Phulesari alishika upawa, akamtazama. Bwalo zima tuliacha kutafuna.

"Pandit-baba," akasema, "umetoka mbali. Lazima una njaa."

Akampakulia bilinganya, akaongeza donge la litti juu.

Mwenyekiti alikula huku picha ikipigwa. Kisha akaniita kando mimi katibu, akaniuliza kwa kunong'ona kama, kwa mujibu wa Azimio, mtu aliyekuja baadaye anaruhusiwa kuongezewa.

Nikamwambia apange foleni.